Tumbo la Bandia Si Dawa ya Watoto Tunaowakosa

Karatasi zenyewe zimekunjwa mara nne na pembe moja imeliwa na unyevu. Zina safu tatu: saa, kiasi cha maziwa, na jina la aliyenywesha. Mstari wa kwanza umeandikwa "ml 1". Mililita moja ya maziwa niliyokamua kwa mkono, yakavutwa kwenye bomba la sindano, yakashushwa taratibu kwenye mpira mwembamba uliopita puani mwa mwanangu hadi tumboni. Baada ya saa mbili, mililita moja nyingine. Alizaliwa wiki ya 27, akiwa na gramu 940.

Alikuwa njiti. Alilala ndani ya sanduku la plastiki lenye joto, nami niliruhusiwa kuingiza mkono kupitia tundu la ubavuni. Siku ya kwanza nilimpapasa mgongo kwa kidole kimoja, akashtuka mwili mzima, mashine ikaanza kulia. Nesi hakunikaripia. Aliniambia, "Mama, usimpapase, ngozi yake bado. Mwekee kiganja kichwani, kingine miguuni, halafu tulia hivyo hivyo." Nikatulia. Namba kwenye kioo zikarudi mahali pake. Viganja vyangu viwili ndivyo vilivyokuwa vikijaribu kuwa kuta za tumbo alilolitoka kabla ya wakati.

Nimezitoa karatasi hizo kabatini kwa sababu ya video. Mdogo wangu alinitumia ile iliyoanza kuzunguka mwishoni mwa 2022: ukumbi mkubwa, safu kwa safu za vyombo vya kioo vinavyong'aa, ndani ya kila kimoja mtoto anaelea, na sauti inatangaza kwamba kituo hicho kitaweza kukuza watoto 30,000 kwa mwaka. Wengi walioitazama wanaamini kituo kipo. Hakipo. Ni picha za kompyuta zilizotengenezwa na mtu mmoja kuonyesha wazo lake. Mwaka 2025 ikafuata habari ya roboti wa China wa kubeba mimba, nayo ikaenea dunia nzima bila ushahidi wowote nyuma yake.

Mdogo wangu aliambatanisha maneno: "Dada, ungesubiri kidogo usingepata mateso yale. Na hizo nchi zinazolia hazina watoto, dawa yao imepatikana."

Ni mambo mawili hayo, na watu wanayachanganya kila siku. La kwanza nalichukulia kwa uzito wote. La pili nalipinga kwa nguvu zangu zote.

Kifaa cha kweli kipo, ila hakifanani na kile cha kwenye video. Aprili 2017 madaktari wa hospitali ya watoto ya Philadelphia, Marekani, wakiongozwa na Alan Flake, walitangaza matokeo ya kazi yao kwa wanakondoo. Waliwatoa kwa upasuaji wakiwa na umri unaolingana na wiki ya 23 au 24 ya mimba ya binadamu, wakawaweka kwenye mfuko wa plastiki angavu wenye maji yaliyotengenezwa kufanana na maji ya uzazi, yanayoingia upande mmoja na kutokea upande wa pili ili uchafu usikae. Mishipa ya kitovu iliunganishwa na kifaa cha kuitia damu oksijeni. Pampu haikuwepo. Moyo wa mwanakondoo mwenyewe ndio uliosukuma damu kwenda na kurudi, kwa kuwa pampu ya nje inaweza kuulemea moyo mchanga namna hiyo. Waliishi humo hadi wiki nne. Wakaota manyoya, wakafumbua macho, wakawa wanameza na kujinyoosha.

Aliyewahi kulea njiti hahitaji kuelezwa ukubwa wa jambo hili. Tatizo kuu la mtoto wa wiki 23 ni mapafu. Akiwa tumboni mapafu yake yamejaa maji. Hayapumui, yanakua tu. Akizaliwa tunayalazimisha kupokea hewa kabla ya siku zake, na mashine inayomsukumia pumzi ya kumwokoa ndiyo hiyo hiyo inayoyajeruhi. Mfuko ule unamwachia mtoto nafasi ya kubaki kijusi kwa wiki chache zaidi. Katika wodi ya njiti, wiki chache ni tofauti ya mtoto kuona au kutoona, kutembea au kutotembea, kuishi au kufa.

Wala si mara ya kwanza kondoo kutusaidia. Mwishoni mwa miaka ya 1960 daktari Graham Liggins wa New Zealand aligundua kwa wanakondoo kwamba dawa za jamii ya steroidi hukomaza mapafu mapema, na mwaka 1972 yeye na Ross Howie wakaonyesha kwamba hata kwa binadamu inawezekana. Mimi nilichomwa sindano hizo kabla ya kujifungua. Kila pumzi ya mwanangu ina deni kwa mnyama yule.

Lakini mpaka kwa binadamu bado ni safari. Kijusi cha kondoo ni kikubwa kuliko cha mtu wa umri ule, na mishipa ya kitovu cha mtoto wa nusu kilo ni myembamba mno. Kondoo pia hawapati kirahisi uvujaji wa damu kwenye ubongo, ambao ndio unaowaua na kuwalemaza njiti wengi. Septemba 2023 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaita wataalamu wake kwa siku mbili wajadili majaribio ya kwanza kwa binadamu yafanyikeje. Na kuna jambo ambalo video haikulisema kabisa: ili mtoto aingie kwenye mfuko huo, lazima mwanamke awe amembeba kwanza zaidi ya miezi mitano, kisha apasuliwe. Mfuko hauondoi mama. Unaanzia pale mwili wa mama uliposhindwa kuendelea.

Upande wa mwanzo kabisa wa mimba nako kuna watu wanahangaika. Mwaka 2021 Jacob Hanna na wenzake wa Taasisi ya Weizmann, Israel, walikuza viinitete vya panya nje ya tumbo, mwishowe kwenye chupa za kioo zinazozunguka, kuanzia siku ya tano hadi ya 11. Mimba ya panya ni siku 20 hivi. Walipofika hapo viinitete vilikuwa vimekuwa vikubwa mno kulishwa kwa kuzungukwa tu na maji yenye chakula. Kwa binadamu nchi nyingi hazikubali kiinitete kikuzwe maabara kupita siku 14, mpaka uliopendekezwa na kamati ya Mary Warnock ya Uingereza mwaka 1984.

Hesabu mwenyewe basi. Upande mmoja siku 14, upande mwingine wiki ya 22 au 23. Katikati kuna wiki 20 hivi ambazo hakuna maabara duniani inayoziweza. Ndizo wiki ambazo kondo la nyuma hujengwa. Kondo hulisha, huchuja, hukinga maradhi, hutengeneza homoni, na huzungumza na mwili wa mama kwa lugha ambayo sayansi ingali inajifunza herufi zake. Anayekuahidi mtoto wa mashine kutoka mwanzo hadi mwisho anaziruka wiki hizo kama hazipo.

Sasa nije kwenye lile la pili, ambalo ndilo lililoninyima usingizi.

Ni kweli uzazi unapungua. Katika miaka ya 1960 wastani wa dunia ulikuwa watoto watano kwa kila mwanamke. Leo ni wawili na ushei. Ili kizazi kijazie kilichotangulia huhitajika 2.1. Korea Kusini mwaka 2023 ilifika 0.72. Chukua wanawake 100 wa huko: kwa kiwango hicho watazaa watoto 72, kati yao wasichana kama 36, na hao wakifuata mwendo huo huo watazaa watoto 26. Wanawake mia wanakuwa wasichana 13 ndani ya vizazi viwili. Nawaelewa wanaoshtuka. Shule zinafungwa kwa kukosa watoto, na wazee wanabaki bila wa kuwatunza.

Ila nani amesema matumbo ndiyo yaliyogoma?

Mwaka 2025 shirika la Umoja wa Mataifa la idadi ya watu, UNFPA, lilitoa ripoti yenye majibu ya watu wa nchi 14, Korea Kusini ikiwemo. Kati ya sababu zilizowazuia kupata watoto waliowataka, asilimia 39 walitaja uwezo wa fedha. Ugumba au ugumu wa kushika mimba ulitajwa na asilimia 12. Na hata hao 12, wengi wao wanakwama kabla tumbo halijahusika: mirija iliyoziba, mbegu hafifu, mayai yaliyopungua. Wengine kati yao husaidiwa na utaalamu uliomleta Louise Brown, mtoto wa kwanza kutungwa nje ya mwili, aliyezaliwa Uingereza tarehe 25 Julai 1978. Mfuko wa kukuzia mimba haumpi mtu yai, wala mbegu, wala kodi ya nyumba.

Nitasema la kwangu. Nilitaka watoto watatu. Ninaye mmoja. Tumbo langu, kwa maelezo ya daktari, lingeweza kubeba tena kwa uangalizi. Kilichonivunja ni likizo. Mwanangu alikaa wodini siku 61, na likizo ya uzazi ilihesabiwa tangu siku aliyozaliwa. Nilipotoka naye zilikuwa zimebaki wiki tatu. Nilirudi kazini siku tisa kabla ya ile tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Yaani kama mimba ingefika, siku ile ningekuwa bado na tumbo. Nilimwomba mkubwa wangu wa kazi wiki mbili zaidi, hata bila malipo, akanijibu kwamba utaratibu ni utaratibu. Nikawa nakamua maziwa stoo, nimeegemeza mgongo mlangoni kwa sababu haukuwa na kitasa. Miaka michache baadaye mume wangu aliponiuliza kuhusu mtoto wa pili, picha iliyonijia kichwani ilikuwa ya mlango ule. Wodi sikuifikiria kabisa.

Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Nusu ya kwanza naikataa. Mwaka 2023 wanawake wapatao 260,000 walikufa kwa sababu za ujauzito na kujifungua. Huwezi kusimama mbele ya makaburi hayo ukasema si kazi. Lakini nusu ya pili ndiyo iliyo mbele yetu leo, na ndiyo isiyotajwa kwenye video yoyote. Mimba ni miezi tisa. Kulea ni miaka ishirini. Wanawake na wanaume wa mijini kote duniani wanaitazama miaka hiyo ishirini, wanapiga hesabu, na wengi wanaishia kwenye mtoto mmoja au hawazai kabisa. Korea Kusini tangu 2006 imemwaga zaidi ya won trilioni 200 kuhimiza uzazi, na namba zikazidi kushuka hadi 2023. Mzazi bado anatoka kazini usiku, na mtoto bado anasomeshwa masomo ya ziada ya kulipia hadi usiku.

Tena tumeshawahi kuona kinachotokea watoto wakizalishwa kwa hesabu ya taifa. Oktoba 1966 serikali ya Nicolae Ceaușescu wa Romania ilitoa Amri namba 770, ikapiga marufuku utoaji mimba isipokuwa kwa masharti machache, na vidhibiti mimba vikawa haba. Wanawake walipimwa makazini kuona nani ana mimba. Mwaka uliofuata vizazi karibu viliongezeka maradufu, kutoka takribani 274,000 hadi takribani 528,000. Kwenye makaratasi, ushindi. Baada ya miaka michache namba zikaanza kuteremka tena, maelfu ya wanawake wakafa kwa kutoa mimba kwa siri, na utawala ulipoanguka Desemba 1989 dunia ikafunguliwa milango ya vituo vya watoto.

Walikuwa zaidi ya laki moja. Walikuwa na vitanda, na wengi walikuwa wakilishwa kwa ratiba. Walioingia kwenye kumbi za watoto wachanga wanasimulia jambo moja linalofanana: ukimya. Vitanda vingi, watoto wengi, na hakuna kilio, kwa sababu mtoto huacha kulia akishajifunza kwamba hakuna anayekuja. Kuanzia 2000 watafiti Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah waliwafuatilia watoto 136 wa vituo vya Bucharest. Nusu walipelekwa kulelewa na familia, nusu wakabaki. Waliobaki, umeme wa ubongo wao ulionekana hafifu, na akili na maneno yao yalichelewa. Waliopata familia kabla ya kutimiza miaka miwili ndio walioinuka zaidi.

Nilisoma habari hizo usiku mmoja nikalia, kwa sababu nilikumbuka kiganja kichwani na kingine miguuni. Watoto wale hawakukosa matumbo. Kila mmoja alibebwa na mama yake miezi tisa. Walikosa mtu mmoja wa kuwajua. Ukiiweka mifuko ya kukuzia mimba mikononi mwa serikali inayohesabu vichwa, utakuwa umeipa Amri 770 isiyohitaji hata kumlazimisha mwanamke. Atakayetia sahihi ni nani? Mtoto akitolewa kwenye mfuko, anapokelewa na nani?

Hata bila dikteta nina wasiwasi. Mwaka 2014 Facebook na Apple zilitangaza kwamba zitawalipia wafanyakazi wao kugandisha mayai yao ya uzazi ili wazae baadaye. Yapo maisha ya wanawake yaliyonufaika na hilo, sibishi. Lakini msaada wa namna hiyo huwa na tabia ya kugeuka matarajio. Leo ni hiari, kesho bosi anashangaa kwa nini umeamua kubeba mimba katikati ya mradi wakati kuna njia nyingine. Mlango wa stoo hautapata kitasa. Utaambiwa tu kwamba huuhitaji tena.

Naomba nisieleweke vibaya. Takribani mwanamke mmoja kati ya 5,000 huzaliwa bila mji wa mimba. Wapo wenye maradhi ya moyo ambao mimba ni hukumu ya kifo, na wapo waliozika mimba tano mfululizo. Mwaka 2014 huko Gothenburg, Sweden, chini ya daktari Mats Brännström, alizaliwa mtoto wa kwanza kutoka kwenye mji wa mimba uliopandikizwa, na nilifurahi kama ndugu. Siku mfuko wa bandia utakapoweza kumpa mmoja wa wanawake hawa mtoto anayemlilia, sitakuwa mtu wa kusimama mlangoni na kumhubiria. Yeye tayari yupo pale akisubiri, mikono imenyooshwa.

Historia ya sanduku alilolala mwanangu inanipa matumaini na tahadhari kwa pamoja. Mwaka 1880 hivi daktari Stéphane Tarnier wa Paris aliona mashine za kuangulia vifaranga kwenye bustani ya wanyama, akaagiza itengenezwe ya watoto. Kwenye hospitali yake vifo vya wachanga wenye uzito wa chini ya kilo mbili vilishuka kutoka asilimia 66 hadi 38. Mwanafunzi wake, Pierre Budin, akaona jambo jingine: mama waliotenganishwa na watoto wao walipoteza hamu nao, wengine wasirudi kuwachukua. Akasisitiza mama aingizwe ndani na anyonyeshe. Watu waliofuata waliipenda mashine wakamsahau Budin, na kwa miongo mingi wazazi walizuiwa nje ya kioo.

Ilibidi masanduku yasitoshe ndipo tukumbuke. Mwishoni mwa miaka ya 1970, mjini Bogotá, Colombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na watoto wengi kuliko mashine, akaanza kuwafunga njiti vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Utafiti uliotolewa 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ulilinganisha watoto waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa na wale waliosubiri kwanza hadi hali itulie. Katika siku 28 za mwanzo walikufa asilimia 12.0 upande wa kwanza, na 15.7 upande wa pili. Robo ya vifo ilizuiwa na kifua. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likabadilisha mwongozo wake.

Kwa hiyo nilimjibu mdogo wangu hivi: mfuko ule wa kondoo waumalizie, na Mungu awasaidie, kwa sababu kila mwaka watoto zaidi ya milioni 13 huzaliwa kabla ya wakati na wengine hawana muda wa kusubiri. Lakini anayetaka watoto waongezeke aanzie kwenye likizo inayohesabiwa tangu mtoto atoke wodini. Aende kwenye kodi za nyumba, kwenye saa za kazi, kwa baba ambaye hapewi hata wiki moja. Hakunijibu. Baadaye akapiga simu akauliza zile karatasi bado ninazo, nikamwambia ninazo, akaniomba nimsomee.

Nikamsomea. Siku 61, kila saa mbili, mistari zaidi ya mia saba. Majina ya manesi wanne, jina la mama yangu, jina la mume wangu kwa mwandiko unaoserereka kwa usingizi, na langu mara nyingi kuliko yote. Ml 1. Ml 2. Ml 2, katapika. Ml 5. Kuna saa kumi za alfajiri nyingi sana humo. Ukurasa wa mwisho, kwenye safu ya kiasi, nesi aliyenikataza kumpapasa hakuandika namba. Ameandika kwa kalamu nyekundu: "Amenyonya mwenyewe."